Muguka, mimba, bunduki: ni jambo gani hasa linatenganisha watu kisiasa?

Kuna swali huwa naulizwa kila nikimaliza kufunza vijana wa dodoso, na juzi nimeulizwa tena hapa Malindi, kwenye ukumbi mmoja kule Barani, feni moja yazunguka ya pili imekufa, watu washachoka wanangoja mahamri. Kijana mmoja akanyanyua mkono akasema mwalimu, wewe umeuliza watu maswali miaka yote hii, hebu tuambie nini hasa kinagawanya watu kwenye siasa, ni dini, ni ardhi, ni kabila, ama ni haya mambo ya mimba na bunduki tunayoona Wazungu wakipigania kwenye simu? Nikampa jibu la haraka haraka nikaenda kunywa chai. Jibu lenyewe halikuwa zuri, limenikera usiku mzima, kwa hivo wacha niliandike hapa vile nilivotakiwa kulijibu.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni utafiti wa maoni ya watu. Natunga maswali, nafunza vijana wa kwenda nyumba kwa nyumba, wakirudi na data mi ndo nakaa nayo kwenye kompyuta nikiangalia nani kasema nini. Si kazi ya sifa, sehemu kubwa ni jua la Ganda na Kakuyuni, mbwa, na wazee wanaotaka kujua kwanza ni serikali gani imekutuma.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu hufanya ni kupima mgawanyiko kwa kelele. Jambo likipigiwa kelele redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp twasema hili limetugawanya. Sisi kwenye data huwa tunauliza kitu kingine kabisa: nikijua umejibu nini kwa swali hili, naeza kukisia umepigia chama gani? Nikiweza, basi jambo hilo limewagawanya watu kisiasa. Nisipoweza, laeza kuwa jambo linauma, laeza hata kuvunja ndoa za watu, lakini kwenye siasa halijatenganisha mtu.

Nilionyesha vijana hivi. Nikawaambia ukuta wa madirisha ni "nakubali", ukuta wa stoo ni "nakataa", nasoma sentensi moja kila mtu aende kwa ukuta wake. Halafu kila mtu aandike kwenye kikaratasi chama alichopigia 2022, asiweke jina, akunje, atie kwenye kofia iliyo upande wake. Walikuwa 18. Sentensi ya kwanza: mwanamke aruhusiwe kutoa mimba akitaka mwenyewe. Wakaenda 16 stoo, Waislamu kwa Wakristo wamebanana pamoja kama samaki kwenye tenga, madirishani wakabaki wawili, mmoja wao amesomea unesi na alikuwa na sababu zake alizozieleza vizuri sana mpaka ukumbi ukanyamaza. Tukafungua kofia ya stoo: UDA (chama cha Ruto), ODM (chama cha Raila wakati ule), PAA (chama cha hapa pwani), ODM, "sikupiga", UDA, "siri", na kuendelea. Yaani wote hawa wamesimama ukuta mmoja kwa jambo zito namna hii na huwezi kujua nani ni wa nani.

Ukienda kufanya zoezi hilo Marekani kofia zitakuja vingine. Ya wanaokataa itatoka Republican kwa wingi, ya wanaokubali Democrat kwa wingi. Watu wetu wakiona hivo wanasema ah, Wazungu wamegawanyika kwa sababu wengine wana dini na wengine hawana, basi. Lakini haikuanza hivo, na hapa ndo penye utamu.

Mwaka 1967 gavana wa California alitia sahihi sheria ya kulegeza masharti ya kutoa mimba. Gavana mwenyewe ni Ronald Reagan, Republican. 1970 New York wakalegeza zaidi, gavana Nelson Rockefeller, Republican pia. 1971 Wabaptisti wa kusini, watu wa Biblia mkononi, mkutano wao ukapitisha azimio la kukubali mimba itolewe katika hali fulani fulani. Halafu Januari 1973 ikaja ile kesi ya Roe na Wade, Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji 7 dhidi ya 2 kwamba mwanamke ana haki hio. Sasa chukua lile swali langu la kofia ulipeleke kwa majaji. Katika wale 7, watano waliteuliwa na marais wa Republican. Katika wale 2 waliopinga, mmoja aliteuliwa na Nixon wa Republican mwingine na Kennedy wa Democrat. Kwa hivo ungemjua aliyemteua jaji, bado usingeweza kukisia kura yake. Songa mbele mpaka 24 Juni 2022, kesi ya Dobbs, iliyofuta ile ya Roe. Majaji 6 walioipa ushindi Mississippi, jimbo lililokuwa limebana utoaji mimba, wote sita waliteuliwa na marais wa Republican. Watatu waliopinga, wote watatu na Wademokrati. Hapo hata mtoto wa darasa la nne angekisia kura zote tisa bila kukosea.

Kati ya hio miaka 49 Injili haikubadilishwa hata aya moja. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia mwisho wa miaka ya sabini wahubiri na watu wa mikakati wa chama waliona hili jambo laeza kuleta kura, Reagan yule yule akaingia kampeni ya urais ya 1980 na manifesto ya chama inayotaka katiba ibadilishwe ilinde mtoto aliye tumboni, upande wa pili nao wakashika upande wao, na wapiga kura taratibu wakaanza kujipanga, wengine walihama chama wakafuata imani yao, na wengi tu walibaki kwenye chama wakabadilisha maoni. Hilo la pili watu hawapendi kulisikia. Sote twajiona tunafikiri kwanza halafu ndo tunachagua timu.

Na ukitaka kuona kwamba chama ndo gundi, ondoa chama kwenye karatasi ya kura. Agosti 2022, Kansas, jimbo ambalo Trump alishinda 2020 kwa kama asilimia 56, watu waliulizwa swali moja, haki ya kutoa mimba iondolewe kwenye katiba ya jimbo? Asilimia 59 hivi wakasema la. Watu wale wale. Tofauti ni kwamba kwenye swali hilo hawakuwa wanachagua mtu wala rangi ya chama.

Bunduki ni vile vile na labda zaidi. Desemba 2012 kwenye shule ya Sandy Hook waliuawa watoto 20 na watu wazima 6. Kura za maoni, na hizi mi nazifuata kwa sababu ni kazi yangu, miaka yote zinaonyesha Wamarekani wengi sana, wakiwemo wengi wenye bunduki zao ndani, wanakubali kila mnunuzi achunguzwe kwanza. Aprili 2013 mswada wa kupanua uchunguzi huo ukafika Seneti, ukapata kura 54 kwa 46, na kwa kanuni zao unahitaji 60, ukafa. Kwa hivo kuna kukubaliana kwingi tu kule chini, lakini bunduki yenyewe ishakuwa kama kofia na buibui, yaonyesha wewe ni mtu wa wapi, na mbunge anayecheza nayo kwao hatorudi bungeni.

Kuna swali moja kule liliulizwa 1960 na likaja kuulizwa tena 2010 na mi hulipenda kuliko yote, kwa sababu ni swali la posa. Mtoto wako akitaka kuoana na mtu wa chama kingine utaudhika? 1960 walioudhika walikuwa kama 5 katika kila 100. 2010 ilikuwa karibu nusu ya Warepublican na kama theluthi ya Wademokrati. Sasa wewe fikiria uko Shela hapa Malindi, wamekuja wageni kuposa, wazee wamekaa kwenye mkeka, kahawa ishamiminwa. Utaulizwa kijana ni wa nani, mji gani, kabila gani, aswali ama haswali, ana kazi gani, babake alikuwa mtu wa aina gani. Nimekaa kwenye posa nyingi, nyingine nikiwa mimi ndo mshenga, na sijawahi hata siku moja kusikia mtu akiuliza kijana ni ODM ama UDA. Angeuliza, wazee wangecheka mpaka kahawa imwagike. Maswali ya kugawanya watu twayo, tena makali, ila hatujayafunga kwenye chama.

Kwa nini hatujayafunga? Jibu langu ni kwamba vyama vyetu havikai mahali pamoja muda wa kutosha ili jambo lipate kugandana navyo. Angalia. 2007 Raila na Ruto wako ODM pamoja. 2010 kwenye kura ya katiba Ruto anaongoza upande wa La, Raila yuko upande wa Ndio. 2013 Ruto yuko na Uhuru. Machi 2018 Uhuru ashikana mkono na Raila. 2022 Uhuru ampigia debe Raila dhidi ya Ruto. 2024 Ruto awachukua watu wa ODM kwenye baraza la mawaziri, na Joho wetu, aliyekuwa gavana wa Mombasa, akiwemo. Ungekuwa wewe ni suala la kijamii, useme leo nataka nikae kwenye chama, ungekaa wapi? Kabla hujatandika mkeka nyumba ishahamishwa.

Hio kura ya 4 Agosti 2010 ndo mara ya karibu kabisa tulipofanana na Wamarekani. Makanisa makubwa yaliipinga katiba kwa sababu mbili kubwa, mahakama ya kadhi na kile kifungu cha 26 kuhusu mimba, na juu yake kukawa na hofu za ardhi kule Bonde la Ufa. Sisi pwani kadhi hakuwa jambo geni, yuko tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, na 1963 wakati ukanda wa maili kumi, yaani ile pwani iliyokuwa chini yake, unaunganishwa na Kenya ilikuwa sehemu ya makubaliano kwamba kadhi ataachwa. Nakumbuka kuna nyumba za Wakristo wenzetu hapa, Wagiriama, kanisani wameambiwa Jumapili wapige La na bado wakapiga Ndio, kwa sababu katiba ile ilikuwa na ugatuzi na tume ya ardhi na mambo hayo mtu wa pwani ameyalilia tangu babu yake. Pwani ilipiga Ndio kwa wingi, nchi nzima ikawa kama asilimia 67. Baada ya hapo mimba na kadhi vikarudi kabatini. Chama cha kuvilea hakikuwepo.

Waitaliano wetu hapa nao wana hadithi kama hio na si wengi wanaijua, kila siku twawauzia vinyago na kuwasalimia ciao wala hatuwaulizi. 1974 Italia ilipiga kura kama sheria ya talaka ifutwe. Nchi ya Papa, chama kikubwa kuliko vyote ni cha Wakristo, na chama hicho kinataka ifutwe. Asilimia 59 hivi wakakataa. 1981 ikaja ya mimba, wakakataa kufuta kwa asilimia 68. Maana yake kuna watu kibao waliokuwa wanakipigia chama cha kanisa kila uchaguzi na kwenye talaka wakakiacha. Jambo lilipita katikati ya chama, katikati ya nyumba hata, mume huku mke kule, badala ya kupita kati ya chama na chama.

Haya, ardhi sasa. Mtu wa Malindi ukimuuliza nini kinagawanya watu atakwambia ardhi kabla hujamaliza swali, na yuko sawa. Mwingereza alileta sheria ya 1908, kila mwenye ardhi kwenye ukanda huu aje aandikishe madai yake, na walioandikisha ni waliojua karatasi ni nini, wengi wao Waarabu na Waswahili wenye mali na Wahindi, Mijikenda walioishi na kulima pale wakajikuta wao ndo maskwota. Miaka mia na zaidi imepita na bado kuna vijiji vizima watu wamezika mababu mahali ambapo hati iko na mtu wasiyemjua uso. Hilo lauma. Lakini kwenye ule ukumbi niliposoma sentensi ya pili, aliyekaa kwenye shamba la bwenyenye miaka 20 apewe hati, karibu wote walikimbilia madirishani, na kofia ikatoa tena achari ya vyama. Ni kwa sababu hakuna mwanasiasa wa pwani anayesimama jukwaani akasema maskwota wasipewe hati. Wote wanaahidi. Wote upande mmoja. Mpiga kura hawezi kuchagua kati ya anayetaka na asiyetaka, anabaki kuchagua nani mwongo kidogo.

Lamu iko tofauti kidogo, na wasomaji wa kule watanisahihisha. Mpeketoni ilianza miaka ya sabini kama skimu ya serikali, watu wengi walitoka bara wakapewa mashamba, huku Wabajuni, wenyeji wa kule, waliofukuzwa na vita vya Shifta vya miaka ya sitini hawajarudishiwa vijiji vyao. Pale ardhi na asili ya mtu ni kitu kimoja, na ule usiku wa 15 Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa kwa siku chache, Al-Shabaab wakasema ni wao, rais wa wakati huo, Uhuru, akasema ni siasa za hapo hapo, na kila upande ukachukua maelezo yanayoufaa. Ungetarajia baada ya hapo visiwani wawe na chama chao na Mpeketoni chao mpaka leo. Lakini kaunti ni ndogo, sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920, hakuna upande unaoweza kushinda peke yake, kwa hivo mgombea wa visiwani mara nyingi hutafuta mwenza kutoka bara na maisha yanasonga. Hesabu ya kura inawalazimisha kukaa meza moja hata wakinuniana.

Nimefika kwa muguka, na hapa ndo ukumbi uliwaka moto.

Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Kwa wasomaji wa mbali, muguka ni majani yanatoka Embu, binamu wa miraa, bei yake ni ya chini sana kwa hivo ndo mzigo wa kijana asiye na kazi, unauzwa kwenye vipakti, unatafunwa na bigijii (chingamu) ama karanga, na ukipita maskani yoyote hapa Malindi kuanzia Maweni mpaka Kisumu Ndogo jioni utaona mashavu yamefura. Akina mama walishangilia marufuku hio, maimamu walishangilia, mapasta walishangilia. Kule Embu wakulima wakaandamana, wakaenda kortini, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri, na rais akasema marufuku haina nguvu kwa sababu sheria ya nchi inalitambua kama zao. Wakati huo magavana wa Mombasa na Kilifi walikuwa ODM, gavana wa Embu ndo alikuwa mwenyekiti wa UDA. Yaani kila kiungo cha Kimarekani kilikuwa mezani: jambo rahisi kueleza, halihitaji kusoma, lagusa mtoto na dini na pesa, viongozi wako pande mbili, vyama viwili, na pande zenyewe zinaishi mbali mbali hazionani.

Na wiki zile mbili tatu nilidhani kweli tumepata yetu. Watu wa UDA hapa Malindi walipewa maneno mabaya sokoni kana kwamba wao ndo wanaolima. Ila wao wenyewe walikuwa wanaunga marufuku! Mmoja, mzee tunayeswali naye, aliniambia mwanangu, mi nampenda rais lakini hili jani limeninyang'anya wajukuu wawili. Mstari haukukaa kwenye chama, ulikaa pwani na bara, na kabla miezi mitatu haijaisha vyama vyenyewe vikawa vinakula sahani moja Nairobi. Muguka ikabaki bila mwenyewe. Magari yanashusha kama kawaida.

Kwenye zoezi sentensi ilikuwa "muguka ipigwe marufuku Kilifi." Nilitarajia wote madirishani. Wakaenda 11, stoo wakaenda 6, na wakaanza kurushiana maneno kabla hata sijawaambia waongee. Kijana mmoja wa stoo akasema mkifunga hilo mtafunga na nini, mnazi? Na kweli swali hilo halikujibiwa, mana tembo la mnazi, pombe yetu ya pwani, ni uchumi wa nusu ya jamaa za waliosimama upande wa pili, nikaona watu wanaangaliana.

Huyo wa 18 ni msichana wa kutoka njia ya Marafa. Alibaki katikati ya ukumbi chini ya ile feni iliyokufa. Nikamwambia haya, chagua ukuta, zoezi ni hivo. Akaniambia mwalimu, babangu ndo muuzaji, kibanda chake ndo kimenisomesha mpaka hapa, na kaka yangu mkubwa amekaa kwenye maskani miaka sita hafanyi chochote, anatafuna mzigo wa baba. Wataka nisimame wapi?

Kwenye dodoso zetu 98 ni "sijui" na 99 ni "amekataa kujibu". Nilikuwa na kalamu mkononi na lile jedwali la zoezi mbele yangu, nikaangalia namba hizo mbili, nikaacha kile kisanduku wazi. Nikamwomba akae chini. Akakataa, akabaki pale pale amesimama mpaka wenzake wakamaliza kukunja karatasi, na alipoitwa kutia yake akauliza atie kofia gani.